Stika ya Kijani ya Bibi Harusi

Naapa kwa meno yangu yaliyobaki, na wanaonijua wanajua si mengi ya kuchezea, kwamba hadithi hii ni kweli tupu, kuanzia utosini hadi ukuchani. Nimeisimulia kwenye benchi hili la muuza chai mara nyingi, na kila nikiirudia inazidi kuwa kweli. Leo naweka na dhamana. Mtu akinikamata kwa uongo mmoja, hata uwe mdogo kama punje ya mtama, nanunua chai ya benchi zima. Muuza chai ni shahidi. Na wewe mgeni uliyekaa pale mwisho, mwenye kofia machoni, umo pia; dhamana yangu haibagui.

Basi palikuwa na karakana ya kuchomelea vyuma, nyuma ya maegesho ya malori, na ndani yake alikuwemo bwana mmoja msimamizi wa vipimo. Yeye hakuwa akichomelea. Kazi yake ilikuwa kuzisuta mashine. Maana mashine ya kuchomelea ina geji usoni, na geji inasema, natoa moto kiasi hiki. Lakini geji nayo huzeeka, ikaanza kudanganya kama mtu mzima yeyote. Kwa hiyo kila mashine ilikuwa na siku yake ya kupimwa. Bwana huyo alikuja na mita yake ya kubana waya, akalinganisha kinachosemwa na kinachotoka. Vikipatana, alibandika stika ya kijani yenye saini yake. Visipopatana, alifunga utepe mwekundu, na mashine yenye utepe mwekundu hata mwenye karakana hakuigusa. Fundi wa mashine hiyo alikaa juu ya ndoo iliyofudikizwa, akifukuza nzi.

Ratiba ilikuwa mikononi mwake, na ratiba mikononi mwa mwenye kinyongo ni bakora. Fundi aliyemsalimia asubuhi kwa mdomo wa pembeni, mchana mashine yake ilikutwa na homa. Aliyemletea kiti, mashine yake ilikuwa nzima hata kama ilikuwa ikikohoa. Watu walijifunza kuamka na salamu zilizonyooka.

Kwa mashine za kila siku ratiba ilikuwa rahisi. Shida ilikuwa Bibi Harusi. Huyo alikuwa mashine ya pembeni, ya kuchomelea mabati membamba ya chuma kisichoshika kutu, na mafundi walimwita hivyo kwa sababu alikaa chini ya shuka jeupe, akatazamwa sana na kuguswa kwa nadra. Mtoto aliweza kuota meno na kuyang'oa kabla Bibi Harusi hajaombwa kuwaka. Kumpima kila mara ilikuwa sawa na kumpeleka hospitali mtu aliyelala usingizi wake. Kwa hiyo msimamizi alitunga kanuni, na nitamsema kwa mengi lakini kanuni ilikuwa nzuri: Bibi Harusi atavaa utepe mwekundu siku zote, na atapimwa tu kazi yake ikifika. Akikutwa mzima, utepe unatoka, stika ya kijani inaingia, na inakaa hapo mpaka kazi iliyomwamsha iishe.

Kisha akaongeza kanuni ya pili, hii ya roho mbaya. Kwa Bibi Harusi, mchomeleaji asiguse kitufe cha moto. Kitufe kinazungushwa na mpimaji peke yake, kwa namba iliyo kwenye kadi ya kazi. "Mchomeleaji ni mkono," aliwaambia. "Kichwa kinakaa kwingine." Na alijigusa paji la uso wasije wakakosea mahali.

Sasa jina lake. Mama yake hakumwita Kipimajoto. Jina alipewa na shemeji yake, kaka wa mkewe, ambaye alikuwa mchomeleaji mwenye mkono safi kuliko wote pale karakanani. Siku moja ya mapumziko walikuwa mezani nyumbani kwa msimamizi, naye alikuwa akijisifu kwamba bila yeye karakana ingekufa kifo cha kuku. Shemeji akamaliza kutafuna, akameza, akasema kwa upole:

"Shemeji, wewe ni kipimajoto. Kinaingia makwapani mwa watu, kinatoka, kinatangaza homa. Ila hakijawahi kumponya mtu."

Watoto walicheka. Hilo angelimeza. Lakini mkewe naye alicheka, akacheka hadi akaweka kijiko chini na kufuta macho. Mwanamume husahau mapema kilio cha mkewe kuliko kicheko chake. Na kesho yake kazini, hata mlinzi wa getini alimpokea kwa, "Habari za homa, mkuu?"

Hapo ndipo Kipimajoto alipoanza kusubiri. Alikuwa na subira ya chawa kwenye mshono.

Kungoja kukazaa. Fundi mkuu wa karakana alistaafu kwa sababu ya macho, na kiti chake kikabaki wazi. Wakati huohuo akaja mama mmoja mfuga ng'ombe, mafundi wakamwita Mama Maziwa, akiagiza tangi la kuhifadhia maziwa, la bati jembamba lisiloshika kutu. Mwenye karakana, ambaye wote walimwita Tajiri, akawakusanya akasema wazi: atakayechomelea tangi hilo mbele ya mteja bila dosari, kiti cha fundi mkuu ni chake. Hakuna aliyejisumbua kuuliza ni nani. Walimgeukia Shemeji, wengine wakaanza kumwita mkuu palepale kwa mazoezi.

Kipimajoto alipiga hesabu ya haraka. Fundi mkuu ndiye aliyekuwa juu ya msimamizi wa vipimo. Maana yake ni kwamba mtu aliyemvisha jina la kipimajoto angekuwa ndiye wa kumpangia ruhusa ya kwenda msalani.

Jioni ya kuamkia kazi, wenzake walipoondoka, alibaki na Bibi Harusi. Akafunua shuka, akafungua utepe, akabana mita kwenye waya, akazungusha kitufe hadi tisini kama kadi ilivyosema, akawasha moto kwenye kipande cha chuma chakavu. Geji ikasema tisini. Mita ikasema mia na thelathini. Akarudia, jibu likawa lilelile. Akazima, akafungua kifuniko cha ubavuni, na huko tumboni akamkuta mjusi, amekauka, amelala juu ya nyaya kama mtu aliyelipia chumba. Nyumba isiyokaliwa haikosi wapangaji.

Akapeleka taya za mita ili amng'oe. Mkia ukakatika, ukanasa kwenye bawaba ya taya. Mjusi mwenyewe akabaki palepale. Na mkono wa Kipimajoto ukasimama.

Kilichobaki kilikuwa kidogo tu: kumvuta mjusi, kupuliza vumbi, kupima tena. Lakini aliliona bati la Mama Maziwa, akauona moto wa mia na thelathini ukilishukia, akauona uso wa Shemeji. Akasikia na kicheko cha mkewe, kile cha kijiko. Akarudisha kifuniko, akakaza skrubu zote. Akabandika stika ya kijani akatia saini, na wanaoijua saini ile wanasema haijawahi kutoka nzuri kama siku hiyo. Mita akaitia mfukoni mwake pamoja na mkia ulionasa, wala hakuukumbuka tena.

Asubuhi Mama Maziwa alikuja na kiatu kipya. Tajiri alisimama, mafundi wakapanga mstari. Kipimajoto akazungusha kitufe mbele ya wote, taratibu, kama padri anayefungua divai. Tisini. Shemeji akavaa glovu, akashusha kinyago cha kuchomelea, akasogeza mkono.

Mchomeleaji wa kweli husikia moto kabla ya kuuona, na moto ule haukuvuma, ulinguruma. Shemeji aliurudisha mkono papo hapo. Alichelewa. Bati lilikuwa limetoboka tundu ambalo paka mnene angepita bila kukunja masharubu. Cheche moja ilitoka dirishani, ikavuka barabara, ikamwashia sigara mzee aliyekuwa akijipapasa akitafuta kiberiti, naye akasema ahsante bila kugeuka. Mnacheka. Chekeni, lakini ni kweli.

"Mashine inadanganya," Shemeji alisema, akiinua kinyago.

"Soma hapa," akasema Kipimajoto, akaweka kidole kwenye stika.

"Sina haja ya kusoma. Nimesikia."

"Amesikia." Kipimajoto akawageukia wengine. "Tajiri, wewe amua. Tupime mashine kwa mita, au kwa sikio la shemeji yangu? Mimi nampenda huyu, ni damu ya mke wangu. Lakini mkono ukianza kutetemeka hausemi. Unaisingizia mashine."

Tajiri alilitazama tundu, akamtazama Mama Maziwa anayelitazama tundu. "Fundi, jana ulikunywa?"

"Sijawahi kunywa maisha yangu yote."

"Labda ndiyo maana," akasema mtu kwenye mstari, na mstari wote ukacheka, wale wale waliokuwa wakimwita mkuu.

Bati lingine ilibidi liagizwe mbali, na Mama Maziwa akakubali kusubiri kwa uso wa mtu aliyemeza ndimu. Kwa kuwa kazi haikuisha, Bibi Harusi alibaki na stika yake ya kijani, kama kanuni ilivyotaka. Shemeji yeye alinyang'anywa kinyago, akapewa ufagio. Akawa anafagia mavi ya chuma chini ya miguu ya watu aliowafundisha kushika moto. Kipimajoto alipita kila baada ya chai, akainama kutazama sakafu, akasema, "Pale umeruka, shemeji." Nyumbani mkewe aliacha kucheka. Aliacha na kuzungumza. Kipimajoto alikula vizuri majuma hayo, akaongeza hata tundu moja la mkanda.

Hadithi ingeishia hapo, mwovu akashiba, kama zinavyoishia nyingi. Lakini Tajiri alikuwa na ugonjwa wa matajiri, ugonjwa wa kufikiri.

"Nimekaa nikawaza," alimwambia Kipimajoto. "Mashine za kila siku zinachakaa kwa sababu zinatumika. Bibi Harusi hatumiki. Kisichotumika hakichakai. Kwa hiyo yeye ndiye mkweli kuliko zote humu ndani. Nataka mashine zote zipimwe kwa kulinganishwa naye."

 Kipimajoto alijua, kuliko mtu yeyote chini ya bati lile, kwamba mashine iliyolala ndiyo inayooza kimyakimya. Hiyo ndiyo ilikuwa sababu ya utepe mwekundu.

"Tajiri, kitaalamu kidogo..."

"Kwani una mashaka na stika yako?"

"Hapana, Tajiri."

"Basi."

Akafanya. Angefanya nini? Alipita mashine moja baada ya nyingine akiziharibu kwa mikono yake, akizifundisha kusema tisini huku zikitoa mia na thelathini, na kila aliyoiharibu aliibandikia kijani. Juma hilo karakana ikageuka jehanamu yenye ratiba. Mageti yalitoboka. Dirisha moja lilitoka na nondo nyembamba kama tambi. Mafundi walitazama viganja vyao kama watu walioibiwa, na Kipimajoto akazunguka na mita yake akiwaambia lile neno alilokwisha kulizoea: "Mashine ni nzima. Angalia mkono."

Mkubwa wa wote kwa umri alikuwa fundi mmoja waliyemwita Mzee Kobe, mpole, mwepesi wa kusamehe, mzito wa kutembea. Yeye hakubishana. Alitoboa geti la mwanamke mjane, akatoboa tena alipojaribu kuziba, kisha akazima mashine akakaa.

"Mkuu," alimwita Kipimajoto. "Niambie ukweli. Mkono umeniisha?"

Hapo, jamani, mlango ulikuwa wazi. Maneno matatu tu yangetosha. Kipimajoto alikitazama kiganja cha mzee, kilichojaa alama za moto kama ngozi ya chui, na kiganja hakikuwa kinatetemeka hata kidogo.

"Umri, mzee wangu," akasema. "Hakuna anayeushinda."

Mzee Kobe akatikisa kichwa kukubali. Akakitundika kinyago chake kwenye msumari, akakifuta vumbi kwa kiwiko, akatoka getini bila kuaga. Shemeji alikuwa pale na ufagio wake. Aliona yote na kusikia yote.

Siku chache baadaye aliagizwa kufagia kijiofisi cha Kipimajoto, na Kipimajoto aliketi humo akila, ili starehe ikamilike. Kisha akaitwa na Tajiri, akaiacha mita mezani. Shemeji alipoisogeza apate kufuta meza, akaona kwenye bawaba ya taya zake, pasipofika pamba ya kufutia, kitu kikavu, kimepinda kama ndoana. Akakitia kwenye kiganja. Mkia wa mjusi.

Sasa mkia wa mjusi unaweza kuwa popote, mjusi mwenyewe huutupa kama mtu anayetupa ganda la ndizi. Lakini kwenye mita ya mtu anayefuta mita yake kwa pamba, mara mbili kwa siku? Shemeji alikwenda kufagia upande wa Bibi Harusi. Akapiga magoti kama anayefuata uchafu, akachungulia kwenye matundu ya kupitishia hewa. Akamwona mjusi amelala juu ya nyaya. Mjusi hakuwa na mkia.

Mtu mwema angekimbia kwa Tajiri papo hapo. Shemeji alikuwa mtu mwema hadi alipopewa ufagio. Alimkumbuka Mzee Kobe akifuta kinyago. Akautia mkia kwenye kisanduku tupu cha kiberiti, akakitia mfukoni, akaendelea kufagia, na kwa mara ya kwanza tangu anyang'anywe kinyago alifagia akipiga mluzi.

Bati jipya likaja, na Mama Maziwa akaja nalo, safari hii amevaa viatu vya zamani. Tajiri akauliza nani atashika moto. Mafundi wakatazama dari. Wa kwanza akasema ana kidonda cha kidole. Wa pili akasema macho. Wa tatu alirudi nyuma tu hadi akakutana na ukuta.

"Tajiri," ilisikika sauti upande wa ufagio. "Kama nina ruhusa ya kusema."

"Sema."

"Sisi mikono yetu ni mibovu, imethibitika. Humu ndani mtu anayemwamini Bibi Harusi ni mmoja tu, na stika ina saini yake. Kuchomelea alijifunza ujanani, dada yangu ameniambia. Kwa nini asishike yeye?"

Tajiri alimgeukia Kipimajoto kama mtu aliyekuwa akitafuta miwani huku ameivaa. "Kweli wewe."

"Mimi?" Kipimajoto akacheka kidogo, na kicheko kikamwacha peke yake. "Tajiri, itabidi kwanza nimpime upya."

"Si ulimpima kwa kazi hii hii? Kazi imeisha?"

"Haijaisha."

"Kanuni yako inasemaje?"

Kanuni yake ilisema stika inakaa mpaka kazi iishe. Aliitunga mwenyewe, akaipigia chapa, akaigandisha ukutani kwa gundi ya maji isitoke. Akavalishwa glovu zilizokuwa za Shemeji. Akapewa kinyago cha Mzee Kobe, kilichokuwa bado kinaning'inia msumarini, kikamkaa kichwani kama sufuria. Viatu hakuna aliyekumbuka. Mpimaji hakuhitaji buti, siku zote alikuja na kandambili, kwa heshima ya cheo.

Akafika kwenye kitufe. Sasa lielewe jambo hili, maana ndipo uchungu ulipo. Akikizungusha hadi tisini, bati litatoboka. Akikizungusha chini ya tisini, bati litapona, na kila aliyepo atauliza alijuaje. Njia ya kumwokoa mkono ilikuwa njia ya kumkata shingo. Vidole vikasimama pale, jasho likamtoka hadi glovu zikanuka.

"Tisini, shemeji," akasema Shemeji kwa upole uleule wa mezani. "Kama ulivyoniwekea mimi."

Akaweka tisini. Nami nasema alikuwa na dakika nzima ya kugeuka na kusema nimekosa, nisameheni, mjusi yumo, na pengine wangemsamehe, binadamu si wabaya kila siku. Lakini alishafanya hesabu akaona afadhali aungue mbele ya watu kuliko mkewe acheke.

Moto ukanguruma. Bati likafunguka kama mdomo wa mtu anayepiga miayo, na tone la chuma cheupe likadondoka chini, likatua juu ya kandambili, likapita kandambili, likaingia kwenye mguu wake wa kushoto. Alipiga ukelele ambao malori nje yalijibu kwa honi. Akaruka, akampiga Bibi Harusi teke la ubavu, kifuniko kikafyatuka, na mjusi akaruka kutoka tumboni baada ya usingizi wote ule, akatua juu ya kiatu cha Mama Maziwa.

Hakuna aliyekwenda kuleta maji. Nataka mlijue hilo. Ndoo ilikuwepo, imejaa. Walisimama wakamtazama mjusi. Shemeji akachutama, akafungua kisanduku cha kiberiti, akaulaza mkia nyuma ya mjusi. Ukapatana naye kama funguo na kufuli.

"Huu ulikuwa kwenye taya za mita ya mkuu," akasema. "Mwenyewe alikuwa ndani, chini ya stika ya kijani."

Tajiri hakuwa mwepesi, lakini alifika. Ilipita muda akitazama stika, mita, mjusi, kisha mashine zote zile alizoamuru ziharibiwe. Kipimajoto alikuwa sakafuni, ameshika mguu, akinusa nyama yake mwenyewe.

"Shemeji," alisema. "Maji."

"Mashine ni nzima, shemeji," akajibiwa. "Angalia mguu."

Kisha ndipo akamwagiwa ndoo, yote, kuanzia kichwani.

Bibi Harusi akasafishwa akapimwa upya, bati la tatu likaja, Shemeji akalichomelea tangi la Mama Maziwa, akakalia kiti cha fundi mkuu. Mkimtarajia awe bora kuliko aliyemtesa, mtasubiri sana. Kipimajoto hakufukuzwa, Shemeji alimwombea kwa Tajiri abaki, afagie. Na akamtungia kanuni. Ufagio ulifungwa utepe mwekundu, na kila asubuhi Kipimajoto alichechemea nao hadi mbele ya fundi mkuu ili upimwe kabla ya kutumika. Fundi mkuu aliuchunguza njiti kwa njiti, mafundi wote wakitazama. Siku nyingine aliukataa. "Huu una homa," alisema. "Rudi nao baada ya chai." Na Kipimajoto akasubiri juu ya ndoo, akifukuza nzi.

Mzee Kobe walimfuata nyumbani kumweleza kwamba mkono wake ulikuwa mzima muda wote. Aliwasikiliza vizuri, akawashukuru. "Mnanihurumia," akasema. "Mungu awabariki." Hakuamini hata neno, wala hakushika moto tena mpaka anazikwa. Huyo ndiye aliyelipa kuliko wote, na hakuwa na deni.

Na mke? Mkewe alimnunulia mumewe fimbo ya kutembelea, maana mguu ulikataa kupona sawasawa. Alipompa, alikuwa ameifunga utepe mwekundu kwenye mpini. "Usiitumie kabla sijaipima," akamwambia. Na akacheka kile kicheko cha kijiko.

Hapo ndipo ninapoishia siku zote, watu wa benchi wakijigonga mapaja, nami nikijifuta mdomo kwa ushindi. Leo nikauliza kama kawaida: nani amepata uongo? Mmoja akataja paka kupita kwenye tundu. Nikamwambia alete paka. Mwingine akataja sigara. Nikamwambia alete mzee. Wakashindwa.

"Mguu," akasema yule mgeni wa mwisho wa benchi.

"Mguu umefanyaje, ndugu yangu?"

"Umesema wa kushoto."

"Nimesema kushoto na ni kushoto. Nani atanibishia?"

 Aliinama akafungua kamba za kiatu, akakivua, akateremsha soksi. Ulikuwa mguu wa kulia. Juu yake palikuwa na shimo la kovu, jeupe katikati, lililokunjamana pembeni kama kitovu. Benchi zima likaangalia, kisha likaangalia pengine. Fimbo ilikuwa imeegemea goti lake muda wote ule, na kwenye mpini palikuwa na kitambaa kilichofubaa, ambacho zamani huenda kilikuwa na rangi.

"Na hayo mengine?" nikauliza, sauti imenishuka.

Alivaa soksi bila haraka. "Mengine ni kweli tupu."

Nikamwinulia mkono muuza chai. Akazunguka na birika, akamimina kwa kila mtu kwa dhamana yangu, na alipofika kwa mgeni akamuuliza sukari kiasi gani. Mgeni akasema aweke tu, mtu mwingine ndiye analipa.